Kura za Hannah Awuor

Siku kumi kabla ya uchaguzi mkuu wa Uingereza, Hannah Awuor alibisha hodi kwenye mlango wa mtu asiyemjua, akatabasamu, akanyoosha mkono kumpa mwenye nyumba karatasi ya kampeni yenye picha yake mwenyewe, kisha akaanguka pale pale kizingitini. Hakuamka tena. Madaktari walisema ni mshipa wa kichwani uliopasuka. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Kaka yake Dalmas alizipata habari akiwa Riyadh, ameegesha gari la bosi nje ya kliniki ya meno, akiwangoja madam na watoto. Aliyempigia ni Maryann, binti pekee wa Hannah, msichana wa miaka kumi na tisa ambaye ndiye aliyekuwa akimwendeshea mama yake kampeni.

"Anko," Maryann alisema. "Anko, Mama ametuacha."

Dalmas alishuka garini bila kujua anashuka kwa nini. Jua la Juni lilimpiga usoni kama joto la tanuri lililofunguliwa. Akarudi ndani, akafunga mlango, akauliza mambo ambayo watu huuliza: lini, wapi, nani alikuwa naye. Mwisho akauliza, "Aunty Selipher umemwambia?"

"Bado. Nimeanza na wewe."

"Usimwambie. Niachie mimi."

Selipher alikuwa kifungua mimba wao, mwanamke wa miaka hamsini na sita, mfanyakazi wa ndani huko Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, katika nyumba ya ajuza mmoja ambaye Selipher alimtunza kama mtoto mchanga. Mwaka uliopita mama yao alipofariki kwao Oyugis, Kenya, jirani mmoja alimpigia Selipher simu akamtolea habari hizo kavukavu. Selipher alikuwa ameshika sufuria ya maji moto. Presha ilimpanda, akaanguka jikoni, maji yakamchoma mkono mzima wa kushoto. Kwa hiyo Dalmas alijiapiza kwamba safari hii Selipher hataambiwa kwa simu. Ataambiwa uso kwa uso, ameketi, na mtu wa kumshika.

Hiyo ndiyo sababu aliyompa Maryann, na ilikuwa ya kweli. Lakini ilikuwapo nyingine ambayo hakumwambia mtu.

Miezi miwili kabla, Hannah aliwaambia ndugu zake kwamba anagombea ubunge. Alikuwa mkunga. Miaka kumi na tisa alikuwa amezalisha wanawake katika mji mdogo uitwao Wendle, kwenye kaunti moja ya mashariki mwa Uingereza yenye majimbo saba. Tume ya mipaka ilipochora majimbo upya, Wendle ilitolewa jimbo la pwani ikatiwa jimbo la Thornmere. Wakati huohuo wodi ya uzazi ikafungwa. Mbunge wa zamani akasema Wendle si yake tena, mbunge wa Thornmere akasema bado haijawa yake, na wajawazito wakawa wanaendeshwa karibu saa nzima kwenda kujifungua. Mmoja alijifungulia kando ya barabara, mvua ikinyesha, Hannah akiwa amepiga magoti kwenye matope. Mtoto hakupona. Wiki hiyohiyo Hannah alichukua fomu za mgombea huru. Alikuwa raia wa Kenya bado, lakini sheria ya kule inamruhusu mtu wa Jumuiya ya Madola aliyeruhusiwa kuishi huko kugombea.

Selipher alipiga vigelegele kwenye simu hadi ajuza wake akaamka. Dalmas hakupiga vigelegele.

Dalmas mwenyewe aliwahi kugombea. Miaka kumi na moja nyuma alitaka uwakilishi wa wadi kwao, akatembea nyumba kwa nyumba, akaahidiwa na kila mtu, na usiku wa kuhesabu akasimama kwenye darasa la shule ya msingi akisikia jina lake likitajwa mara sitini na moja tu. Ukoo wake peke yake ulikuwa na watu zaidi ya mia mbili. Baada ya hapo watoto walimwita Sitini-na-Moja njiani, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amepata kafili, mwajiri wa kumdhamini, na kupanda ndege kwenda Riyadh. Watu walisema amefuata kazi. Yeye alijua alichokuwa akikimbia.

Basi jioni moja Hannah alipomwomba amrekodie maneno mawili ya baraka, ili ayasikilize akienda kwenye mdahalo wa wagombea, Dalmas alibonyeza simu akasema yafuatayo:

"Hannah, wewe ni mkunga, kaa na ukunga wako. Hao Wazungu wa vijijini nani atakupigia kura? Jina lako lenyewe hawawezi kulitamka. Kura mia hutapata, nakwambia mimi. Utatuletea aibu bure."

Alama mbili za buluu zikatokea. Hannah alikuwa amesikiliza. Hakujibu. Dalmas akasema moyoni atampigia Jumapili, Jumapili ikapita, akasema atampigia uchaguzi ukikaribia, na uchaguzi ulipokaribia, Maryann ndiye aliyepiga.

*

Siku mbili baada ya kifo Maryann alipiga tena. Safari hii sauti yake ilikuwa kama ya karani, ya mtu aliyejikaza asilie.

"Anko, msimamizi wa uchaguzi ameniita. Mama angekuwa wa chama, uchaguzi wa jimbo zima ungesimamishwa. Lakini mgombea huru akifa, kura zinapigwa vilevile. Karatasi hazibadilishwi. Jina lake litabaki."

"Litabaki namna gani na mtu amekufa?"

"Litabaki. Tena ni la kwanza, kwa sababu wanapanga kwa herufi na Awuor inaanza na A. Watabandika tangazo ndani ya kila kituo kuwaambia watu kwamba amefariki. Anayetaka kumpigia anaweza."

"Na akishinda?"

"Akishinda wanarudia uchaguzi. Lakini hatashinda, Anko. Mimi naogopa tu..."

Dalmas alijua anachoogopa. Anaogopa sifuri, au kitu kinachokaribia sifuri, kikisomwa kwa sauti mbele ya umati. Yeye mwenyewe, akiwa mzima, alipata sitini na moja tu. Maiti angepata ngapi?

Siku zilizofuata zilimwadhibu, kwa sababu Selipher hakuwa akijua lolote na simu yake haikunyamaza. Kila asubuhi alituma ujumbe wa sauti. Alikuwa amekariri majimbo yote saba ya kaunti ile, ingawa matamshi aliyapinda vibaya, na nani alishinda wapi mara ya mwisho, na kwa tofauti ya kura ngapi. "Dalmas, sikiliza! Thornmere chama kimoja kimeikalia tangu kabla Hannah hajaota meno! Lakini huyu mzee wa sasa mara iliyopita kura zake zilipungua. Anateremka, nakwambia, anateremka!" Siku nyingine: "Mbona Hannah hashiki simu? Mwambie Maryann amwambie mama yake apumzike. Atajiua na kazi huyu." Dalmas aliusikiliza ujumbe huo kwenye taa nyekundu ya barabarani, na taa ilipogeuka kijani magari ya nyuma yalimpigia honi sana kabla hajakanyaga mafuta.

Akamjibu, "Wana shughuli nyingi, dada. Tuwaombee."

Lilikuwa neno moja tu la uongo, lakini kila siku alilazimika kulirudia.

Bahati, ikiwa mtu anaweza kuita hivyo, familia ya bosi ilikuwa ikihamia Jeddah kwa likizo ya kiangazi. Wao walipanda ndege. Dalmas alitumwa kupeleka gari na mizigo, siku nzima ya barabara, jangwa kushoto na jangwa kulia, mpaka milima ya Taif ilipojitokeza na barabara ikaanza kuteremka kuelekea kwenye joto zito la pwani. Njiani alijizoeza maneno kwa sauti. Dada, keti. Dada, nina jambo. Alijaribu kwa Kiswahili, akajaribu kwa Kijaluo, na kila mara alipofika kwenye jina la Hannah alirudi mwanzo.

Alifika Jumatano. Alhamisi Waingereza walipiga kura, na yeye alishinda akiwapeleka watoto wa bosi ufukweni na kuwarudisha. Ijumaa baada ya sala ya mchana alimwendea bosi, akamwambia dada yake amefariki na anataka kwenda kumwambia mwenzake. Bosi aligeuka kumtazama.

"Lini amekufa?"

"Siku kumi na moja, baba."

"Siku kumi na moja, na unaendesha gari langu kimya?" Akatikisa kichwa, si kwa hasira. "Allah amrehemu. Yalla, nenda. Chukua gari dogo."

*

Selipher alikuwa amepewa ruhusa mpaka magharibi, naye alikuwa mtaa wa Al-Hindawiyah, kwenye chumba cha rafiki yake Beldina, mpishi wa hoteli. Ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba, feni moja ya dari ikizunguka kama iliyolazimishwa. Dalmas alitaraji kumkuta na Beldina tu. Alipofungua mlango alikuta wanawake tisa wa Kikenya, Wakristo na Waislamu, wameketi mkekani kwa mduara, chapati zimerundikwa kwenye sinia, na ukutani, kwa karatasi za daftari zilizounganishwa kwa gundi, maneno makubwa ya kalamu nyekundu: MHESHIMIWA HANNAH AWUOR.

"Kaka yake huyo!" Selipher akapaza sauti, akasimama, mkono wake wenye kovu umeinuliwa juu. "Nimewaambia atakuja! Matokeo ya majimbo sita yameshatoka tangu alfajiri, limebaki letu. Maryann ameniandikia kwamba watatangaza saa nane na nusu. Njoo uketi, Dalmas, njoo ule."

Dalmas alisimama mlangoni na viatu mkononi. Wanawake walisogea kumpa nafasi. Hakusogea.

"Dada," akasema. "Tutoke kidogo."

"Tutoke wapi na jua hili? Sema hapa."

"Tafadhali."

Beldina ndiye aliyeelewa kwanza. Aliutazama uso wa Dalmas, akaweka chini kikombe cha chai, akamshika Selipher kiwiko na kumwongoza mpaka kwenye kijichumba cha jikoni, akamkalisha juu ya ndoo iliyofunikwa. Kisha akatoka akavuta pazia.

Maneno yote aliyojizoeza barabarani yalimtoka Dalmas. Alichuchumaa mbele ya dada yake akamshika mikono yote miwili.

"Hannah hayupo, dada. Alianguka Jumatatu ya wiki iliyopita. Ni kichwa. Hakuteseka."

Selipher hakuanguka. Alimtazama tu, midomo ikitembea kama anayehesabu. Na kweli alikuwa akihesabu.

"Jumatatu ya wiki iliyopita," akasema. "Leo Ijumaa. Siku kumi na moja." Akajichomoa mikono. "Siku kumi na moja, Dalmas? Nimewaketisha wanawake wa watu hapa wamwombee maiti ashinde? Nimeandika jina lake ukutani?"

"Nilihofia presha yako. Nilitaka nije mwenyewe..."

"Kila asubuhi nakuuliza habari zake. Kila asubuhi! Ukaniambia tuwaombee." Sauti yake ilikuwa ndogo, na hilo lilimwogopesha Dalmas kuliko kelele. "Nilimlea mimi huyo mtoto. Mama akiwa sokoni, nani alimbeba mgongoni? Wewe ulikuwa unacheza mpira. Ukaamua wewe lini nitamlilia?"

Dalmas akamwambia basi na lile jingine, kwa sababu hakuweza tena kulibeba. Akamwambia kuhusu ujumbe wa sauti, neno kwa neno, mpaka kwenye kura mia na aibu. Selipher alisikiliza kichwa kimeinama. Alipomaliza, Selipher alisimama, akafungua bomba, akanawa uso, akajifuta kwa upindo wa kitambaa chake.

"Toka mbele yangu," akasema, akapita.

Mle chumbani wanawake walikuwa wameshajua. Mmoja alikuwa anabandua karatasi ukutani. Selipher akamzuia.

"Iache." Kisha, akiwa amesimama, "Dada zangu, mtu wetu amefariki. Lakini jina lake bado limo kwenye karatasi. Kura zimepigwa jana, na zinasomwa sasa hivi. Anayetaka kukaa akae."

Hakuna aliyeondoka. Mwanamke mmoja wa Mombasa aliinua viganja akamsomea marehemu dua ya polepole, na wengine wakainamisha vichwa. Dalmas aliketi karibu na mlango, mahali ambapo hakuna aliyemgusa.

Saa nane na dakika arobaini simu ya Selipher ikaita. Maryann alikuwa ukumbini, ameinua simu juu ili waone. Watu wamejaa, meza ndefu, na jukwaani wagombea wamesimama kwa mstari, na mwanzoni mwa mstari pengo la mtu mmoja ambalo hakuna aliyeliziba. Msimamizi wa uchaguzi, mwanamke mwenye miwani, aliisogelea maikrofoni.

Alianza na herufi A. Alilitamka jina taratibu, sehemu kwa sehemu, kama mtu aliyelifanyia mazoezi: Hannah Awuor, mgombea huru. Kisha akasoma namba.

Kwa dakika moja chumbani hakuna aliyeamini alichosikia, na Beldina akauliza, "Amesema ngapi?"

"Elfu saba," Dalmas akajibu kutoka mlangoni. Alikuwa ameisikia vizuri. Namba za kura alijua kuzisikiliza. "Elfu saba mia mbili na kumi na sita."

Ukumbini Uingereza watu walianza kupiga makofi, mmoja mmoja, kisha wote, hata wale wa vyama. Msimamizi aliinama akangoja. Maryann alizungusha simu, nao wakaona wanawake wengi upande mmoja wa ukumbi, wengine na vitoto mikononi, wengine na watoto wakubwa wa shule, wamesimama na wanalia bila kujificha. Wote walijua kwamba amekufa. Tangazo lilibandikwa kila kituo. Walikuwa wameingia ndani wakiwa wanajua, wakachukua kalamu.

Mzee wa Thornmere alishinda, akimzidi aliyemfuata kwa kura zisizofika elfu mbili. Hannah alikuwa wa tatu. Hakuna kilichobadilika Wendle siku ile. Wodi iliendelea kufungwa, na mbunge alibaki yuleyule.

Chumbani Al-Hindawiyah hakuna aliyepiga vigelegele. Selipher aliweka simu kifudifudi mkekani, akajifunika uso kwa kitambaa, na hapo ndipo kilio kilipomtoka, kilio kirefu cha kwao, cha kuita jina la marehemu na la baba yake na la mto wa kijiji chake. Beldina alikimbia kufunga dirisha, majirani wasije wakauliza. Wanawake walimzunguka. Dalmas alinyanyuka nusu, akakumbuka alivyoambiwa, akaketi tena.

Kabla ya magharibi alimrudisha Al-Rawdah. Selipher aliketi kiti cha nyuma, kama abiria. Kwenye geti la nyumba, ajuza alikuwa amesogezwa na kiti chake cha magurudumu mpaka mlangoni, akimngoja. Alipoyaona macho mekundu ya Selipher hakuuliza, alimshika mkono tu ule wenye kovu na kuupapasa, na wakaingia ndani. Geti likafungwa.

Dalmas alibaki garini na akampigia Maryann. Alitaka kumpongeza, lakini kilichomtoka ni swali.

"Ule ujumbe niliomtumia mama yako, wa mdahalo. Ulimwona akiusikiliza?"

"Nilikuwa naendesha gari. Aliufungulia sauti kubwa ili na mimi nisikie Kiswahili chako."

"Akasema nini?"

"Alicheka kidogo, Anko. Halafu alikaa kimya mpaka tukafika."

"Basi?"

"Basi."

Angeweza kumdanganya, Dalmas aliwaza baadaye, na alimshukuru kwa kutomdanganya, ingawa lile neno moja lilimkalia kifuani kiangazi chote.

*

Mazishi yalifanyika Wendle wiki mbili baadaye. Dalmas na Selipher hawakwenda. Selipher pasipoti yake ilikuwa kwa kafili na ikama yake, kile kibali cha kuishi, ilikuwa imebakiza siku chache, na hata wangekuwa na karatasi zote, viza ya Uingereza isingetoka kwa muda ule. Walifuatilia kwa simu, Dalmas ndani ya gari kwenye kivuli cha jengo, Selipher chumbani kwake Al-Rawdah. Katika siku zote hizo Selipher hakuwa amepokea simu ya kaka yake hata mara moja. Kwenye kioo nyuso zao zilikuwa zimepangwa ubavu kwa ubavu, naye hakumtazama.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Mchungaji alipomaliza, Maryann akaisogeza simu karibu na maikrofoni.

"Ndugu za Mama wako nasi kutoka Saudi Arabia. Kuna mmoja angependa kuzungumza kwa niaba ya familia?"

Dalmas alingoja dada yake aseme. Ndiye mkubwa, ni haki yake. Selipher akajifuta uso kwa kitambaa.

"Dalmas atazungumza," akasema.

Alijaribu. Alisema jina lake, alisema yeye ni kaka wa Hannah, alisema kwamba walikuwa watoto watatu na Hannah ndiye aliyekuwa mdogo. Alisema anawashukuru watu elfu saba mia mbili na kumi na sita. Hapo maneno yakamwishia. Alisikia kanisa zima likingoja, na watu wakikohoa, na mtoto akilia mahali fulani nyuma. Akashika usukani kwa mikono miwili.

Ndipo sauti ya Selipher ikaja, chini kabisa, kwa Kijaluo, ili wale wengine wasielewe. Akamwambia asikimbilie, avute pumzi, watu wanamngoja. Dalmas akafuta macho kwa kiganja, akaanza upya.